Muulize Shangazi: Baba hakua muongeaji, sasa wanangu niwasimulie nini?

Haya wapendwa, toleo lililopita nilichomekea mistari miwili tu kuhusu marehemu baba yangu, sikujua nawasha moto. Meseji zilizoingia wiki hizi ni za baba watupu, hata wale wa kuniuliza mume harudi nyumbani wamepumzika kidogo. Nimechukua 3, ya kwanza ndefu ila sikuweza kuikata.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mdada wa miaka 36, mzaliwa wa Tabora ila naishi Dar na mume wangu na watoto wawili. Baba yetu alifariki mwaka jana, arobaini tulifanya tukamaliza salama alhamdulillah, sasa inakuja hitma ya mwaka. Baba mdogo kasema siku hiyo kila mtoto asimame aseme alichousiwa na marehemu. Kaka zangu wawili wao wanajua kuongea hawana shida. Mimi nimekaa usiku nimetafuta kichwani sipati kitu. Baba alikua fundi baiskeli, kijiwe chake chini ya mwembe sio mbali na stesheni toka mimi sijazaliwa, na alikua haongei shangazi, yani unaweza kushinda nae pale kutwa unamshikia pampu na asikwambie neno zaidi ya "lete spana". Wenzangu kazini wakianza stori za baba alitwambia hivi baba alitwambia vile mimi naangalia simu. Neno pekee ninalomkumbuka nalo alikua anawaambia wateja, "zunguka mwembe kwanza". Mtu akishatengenezewa baiskeli yake akitoa hela baba hapokei, anamwambia zunguka mwembe kwanza, basi anapanda anazunguka anarudi ndo hela inapokelewa. Sasa hilo nalo ni usia?

Kingine ni sanduku lake la vifaa. Kaka mkubwa anataka kuliuza kwa watu wa chuma chakavu, anasema limejaa uchafu, na kweli ukifungua ni misumari aliyoinyoosha nyoosha, gololi kwenye kopo la Blue Band, vipande vya tyubu vimekatwa vizuri vimefungwa na mpira, spoku za zamani zina kutu. Ndani yake tumekuta daftari la watu aliowatengenezea kwa mkopo, majina 41. Wengine pembeni kaandika L, wengine kaandika "basi", na 7 hawana alama yoyote. Kaka mdogo anataka tugawane majina tukadai.

La mwisho naona hata aibu kulisema. Mwaka 2003 nilifaulu la saba, baba akasema hela haitoshi, kaka ndo aendelee, wewe subiri. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nauza karanga, mpaka mama mkubwa alivyonichukua akanisomesha Mwanza. Sikuwahi kumwambia baba kwamba iliniuma na yeye hakuwahi kuniambia pole. Sasa watu wakianza kumsifia hua kuna kitu kinanikaba kooni, najiona mtoto mbaya. Nisaidie shangazi. Binti wa fundi, Dar.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Meseji yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye mwendokasi nimebanwa na begi la mtu, nikafika nyumbani nikaisoma tena nimekaa. Ngoja nianze na daftari maana ndo lililoninyima usingizi. Unasema baba hakua muongeaji, alafu hapo hapo unaniambia pembeni ya majina kaandika "basi". Wewe umelichukulia kama alama tu ya kihasibu. Mwanangu, L ni amelipa, hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua. Ila mtu anaandikaje "basi" mbele ya jina la mdaiwa wake? Hebu lifungue tena hilo daftari, tafuta wale wa basi mmoja mmoja, mama yako au jirani wa zamani watakwambia huyu ni nani. Mimi naweka dau langu hapa utakuta yule aliefiwa na mke, yule aliekua anabeba mkaa kutoka porini ana watoto 9, yule aliehama akarudi kwao hana kitu. Baba yako alikaa peke yake jioni na kalamu akamwangalia mtu akasema huyu basi, na hakumwambia yeyote, hata nyie hakuwaambia. Kaka yako mdogo akienda kumdai mtu ambae baba yenu alishamwandikia basi, atakua anambishia marehemu.

Wanaobaki ni hao 7. Hao pia msigawane kama karanga. Deni alilokua anadai marehemu ni sehemu ya mirathi, na mwenye haki ya kulikusanya ni msimamizi wa mirathi, sio mtoto yeyote mwenye pikipiki na muda. Kaeni kikao cha ukoo mpendekeze msimamizi, muandike muhtasari, mchukue cheti cha kifo RITA, muende Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni na alivyogawa. Na kwasababu nyie ni waislamu mnajua vizuri, kinachotangulia ni madeni ambayo yeye baba alikua anadaiwa, kwahiyo kabla ya kuwafuata hao 7 jiulizeni duka la vipuri alikua anachukua mali kwa kauli? Ukitaka kumsamehe mmoja wao, unasamehe fungu lako, huwezi kusamehe la kaka yako. Na sanduku nalo ni hivyo hivyo, ni mali ya marehemu, kaka mkubwa hawezi kuamka asubuhi akaliuza peke yake hata kama linanuka grisi. Mwambie hivyo kwa upole ila mwambie.

Sasa tuje kwenye huo mnaouita uchafu.

Wewe umezaliwa mwishoni mwa miaka ya 80, hujaikuta ile hali, wenzio tuliikuta. Baada ya vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, nchi ilikua haina fedha za kigeni, madukani hamna kitu kabisa, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga inauzwa kwa kujuana, tumekula ugali wa yanga mpaka tukachoka. Alafu 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanaogopa hata kukutwa na katoni moja ya sabuni, wengine walimwaga vitu vyao mtoni usiku. Sasa fundi baiskeli Tabora kipindi hicho, baiskeli ndo gari la kila mtu, Swala, Phoenix, Avon, zinabeba asali zinabeba tumbaku zinabeba wagonjwa, na tyubu mpya hakuna. Unafanyaje? Unachukua tyubu iliyokufa unaikata viraka, unausugua, unapaka solusheni, unabandika. Msumari unaokotwa unanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe. Gololi zinatolewa kwenye ekseli iliyokufa zinaoshwa kwa mafuta ya taa zinarudi kazini. Mtu aliepita hapo akiwa na watoto wa kulisha hawezi kutupa gololi hata ukimpeleka Kariakoo kwenye maduka yaliyojaa mpaka barabarani. Marehemu baba yangu alikua karani kwenye shamba la mkonge Korogwe, yeye ugonjwa wake ulikua sabuni, vile vipande vinavyobaki vyembamba kama ukucha alikua anavikusanya kwenye soksi moja nyeusi, ikijaa anaifunga fundo, ndo tunaogea. Tulikua tunamcheka mpaka basi. Juzi nimejikuta nimesimama bafuni kwangu na kipande cha sabuni mkononi nashindwa kukitupa, nikaanza kucheka mwenyewe, mjukuu anauliza bibi unacheka na nani.

Kwahiyo mwanangu usiuze kwa kilo. Chukua hata lile kopo la gololi peke yake kama sanduku zima ni zito kupanda nalo basi kutoka Tabora. Spana nzuri nzuri mpeni kijana fundi anaeanza, nina uhakika yupo mmoja aliekua anajifunza kwa mzee.

Na hilo la kuzunguka mwembe. Nilivyosoma nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee wa makamo hivi, nikamuuliza kwanini fundi amkatalie mtu hela mpaka azunguke. Akacheka, akasema huyo alikua fundi wa zamani. Akanigeuzia baiskeli moja juu chini akaanza kunionyesha. Kumbe hizi baiskeli kubwa tairi la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32, ringi ikipinda unaizungusha unaangalia pale inapokaribia breki, unakaza spoku ya upande wa pili robo mzunguko, unalegeza ya upande huo inakokaribia robo, unazungusha tena unaangalia, robo tena. Ukiwa na haraka ukaikaza moja kwa nguvu inakwenda kupinda kule. Kazi inaweza kukuchukua nusu saa na mteja amesimama anahema. Alafu ikiwa imegeuzwa hivyo inaonekana imepona, ila mtu akipanda na uzito wake ndo unajua kama imepona kweli, kwahiyo unamwambia zunguka, na wewe unakaa kimya kabisa, ikiwa bado inagusa utaisikia, fyu, fyu, fyu, kabla hata yeye hajaisikia. Nikamuuliza na kama mtu akizunguka akapitiliza akakimbia na baiskeli bila kulipa? Akasema "hao wapo, unawaandika kwenye daftari".

Sasa wewe unaniuliza kama ni usia. Siku ya hitma wakikupa nafasi usitafute maneno ya kwenye kalenda. Simama uwaambie mlivyokua mnakaa pale, wewe na pampu, mteja anatoa hela, baba anakataa, mtu anazunguka mwembe. Dakika mbili tu, kaa chini. Wazee wa Tabora waliozunguka huo mwembe watakua wamekaa hapo hapo kwenye mkeka, na baada ya ubani watakufuata wao wenyewe kukumalizia.

Limebaki la 2003, nimeliacha mwisho makusudi sio kwamba ni dogo. Mimi sitakwambia sahau, maana wanaosema sahau hua sio wao waliouza karanga. Hela kutotosha naamini kabisa, sekondari ilikua na ada, serikali imekuja kuifuta 2016, bado sare, bado michango, na fundi baiskeli analipwa shilingi 100 100 na nusu yake iko kwenye daftari. Ila hela ikiwa ya mtu mmoja, kwanini aliesubiri alikua wewe uliefaulu na mtoto wa kike? Hilo baba yako hakulijibu na mimi siwezi kumjibia. Inawezekana aliona mtoto wa kike ataolewa, wengi walifikiri hivyo na walikosea, na yeye kama alifikiri hivyo alikosea. Mtu aliemwandikia jirani basi ndo huyo huyo aliekwambia subiri. Wote wawili ni baba yako. Kwenye hitma sio mahali pake, pale watu wanamuombea, ila wanao wakikua, hasa kama una binti, mpe stori yote na ya karanga iwemo.

Nikwambie la kwangu. Baba yangu na soksi yake ya sabuni alikua mlevi wa mwisho wa mwezi, siku ya mshahara tunajua tunalala kwa jirani. Siku ya msiba akasimama mzee mmoja akasema marehemu hakuwahi kugusa pombe maisha yake yote. Sisi watoto 6 tumekaa mstari mmoja, nikamwangalia dada, dada akanyanyua kanga akajifunika uso mabega yanatikisika, watu wakasema maskini analia sana mtoto wa watu, wacha alie. Tulicheka mpaka machozi yakawa ya kweli. Sikuwahi kumpenda baba yangu kama dakika ile na sijui kwanini.

Wewe sio mtoto mbaya. Ukipata nafasi nenda mwenyewe kwenye kaburi, hayo maneno yako mpelekee yeye, mwambie baba ile mwaka 2003 iliniuma. Hatajibu, lakini hata alipokua hai ulisema alikua hajibu.

SWALI: Shangazi hujambo? Mimi kijana wa Likoni, Mombasa. Babangu alikufa miezi mitano iliyopita, alikua baharia. Kwa simu yangu nimebaki na voisi zake za WhatsApp zaidi ya 60, nyingi hata hazina maana, "umekula?", "umefika?", "nipigie nikwambie kitu". Skrini imepasuka na simu yazima yenyewe, naogopa zitapotea. Pia mamangu kila usiku aniomba simu asikilize alafu alia mpaka alala. Dadangu asema nizifute ndo mama apone. Nizifute?

JIBU: Sijambo baba, poleni sana. Usifute hata moja, na usilale leo kabla hujazitoa humo. Habari njema ni kwamba voisi ulizopokea ziko kwenye simu yako wewe, sio kwake, kwahiyo hata akaunti yake ikifutwa (WhatsApp wanafuta akaunti isiyotumika siku 120) zako zinabaki. Habari mbaya ni kwamba simu yako yenyewe ndo mgonjwa. Fungua mazungumzo yenu, ingia kwenye menyu, chagua kuhamisha mazungumzo pamoja na midia, jitumie kwenye imeili. Ikikataa kwasababu ni nyingi, zichague chache chache uzitume kwenye simu ya dadako huyo huyo anaetaka zifutwe, hapo atakua mlinzi wake. Alafu weka kopi nyingine kwenye flashi, uziandike majina, "umekula", "umefika", maana zikitoka kule zinakua na namba tupu na baada ya miaka 5 hutajua ipi ni ipi.

Jiandae na jambo moja. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inaifunga na namba inaweza kupewa mtu mwingine, siku moja utaona jina la babako kwenye simu lina picha ya kijana amevaa miwani ya jua. Usimtukane, hana kosa, badilisha tu lile jina.

Kuhusu mama, miezi mitano ni jana. Analia alafu analala, sio? Wasiwasi wangu ungekua kama analia halali. Kaa nae siku moja wakati anasikiliza, muulize ile "nipigie nikwambie kitu" alikua anataka kusema nini, mara nyingi wamama wanajua. Akianza kukataa chakula au kutotoka nje hapo mtafute mtu wa kuongea nae, hospitali kuna wataalamu wa hayo mambo, sio lazima awe mgonjwa wa kichwa.

SWALI: Shangazi mie niko Kigoma, baba amefariki nina miaka miwili, simjui kabisa, nina picha moja tu kasimama studio kashika redio. Naona wivu mnavyoongelea baba zenu. Nitampata wapi wa kwangu?

JIBU: Pole kaka yangu. Anza na picha yenyewe, igeuze nyuma, studio za zamani nyingi zilikua zinagonga muhuri na wengine wanaandika tarehe kwa kalamu. Na hiyo redio usishangae sana ukiambiwa ilikua ya studio, tulikua tunapiga nazo sote, na suti ya kuazima, na ua la plastiki.

Alafu orodhesha wazee waliomjua ambao wako hai, uwafuate kabla ya mvua. Usiwaulize alikua mtu wa namna gani, ukiuliza hivyo wote watakwambia alikua mtu wa watu, unarudi nyumbani mikono mitupu. Uliza alikua anatembeaje, haraka au taratibu. Uliza dagaa alikua anapenda wa kukaanga au wa mchuzi, alikua anacheka kwa sauti au kwa pua, alikua anadaiwa na nani, aligombana na nani na kwa sababu gani. Yule waliegombana nae ukimpata kaa nae sana, huyo ndo atakua anamkumbuka kuliko wote. Washa simu irekodi, umuombe ruhusa kwanza. Na nenda asubuhi, wazee wakishapata ugali wa mchana wanalala.